Je, barua ya ofisi ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi inapungua hadhi?

Karani wa Ilala (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri wenu katika jambo linalonisumbua tangu wiki iliyopita, na ningependa zaidi kuwasikia wale ambao kuandika ni sehemu ya kazi yao ya kila siku: mawakili, wahariri, watu wa afya na watumishi wa ofisi mbalimbali.

Ninafanya kazi katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye ninayeandaa barua zinazokwenda kwa wanachama. Wengi wao ni wastaafu, walimu, madereva na wauzaji wa sokoni. Mwezi Mei tulituma barua ambayo aya yake kuu ilisomeka hivi: “Husika na somo tajwa hapo juu. Kufuatia kukamilika kwa zoezi la uhakiki wa makato ya wanachama, imebainika kuwepo kwa ziada katika makato yaliyofanyika kwa upande wako, hivyo unatakiwa kuwasilisha taarifa zako za kibenki kwa ajili ya kuwezesha utekelezaji wa mchakato wa marejesho kabla au ifikapo tarehe iliyoainishwa katika tangazo la awali.”

Wiki tatu baadaye alifika ofisini mzee mmoja kutoka Mbagala. Barua alikuwa ameikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya kitabu chake cha akiba. Nilimwamkia, akaitika, akaiweka barua juu ya meza yangu, akainyoosha kwa kiganja, kisha akaniuliza: “Mwanangu, hii barua inanidai au inanilipa?”

Niliisoma tena mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa wanachama wetu, marejesho ni fedha ambayo mkopaji huilipa kila mwezi mpaka deni liishe. Hawalijui neno hilo kwa maana nyingine. Sisi tulilitumia kwa maana ya fedha tunayomrudishia yeye. Kwa wiki tatu mzee huyu alikuwa ameamini kwamba deni alilokwisha kulimaliza limefufuka, na alikuwa ameshamwomba mwanawe amsaidie kulipa, ilhali ofisi ndiyo iliyokuwa na Sh 84,000 zake. Tarehe ya mwisho, ambayo barua yenyewe haikuitaja, ilikuwa imepita siku mbili kabla ya kuja kwake.

Nilikaa nikaiandika upya: “Tumekagua makato ya mkopo wako na kuona kwamba tulikukata Sh 84,000 zaidi ya deni lako. Fedha hizi ni zako na tutakurudishia. Tafadhali tuletee namba ya akaunti yako ya benki, au utupigie simu, kabla ya tarehe 30 Juni.” Mkuu wangu wa idara, ambaye ninamheshimu na ndiye aliyenifundisha kazi, aliirudisha ikiwa na wino mwekundu. Aliandika pembeni kwamba hayo ni mazungumzo, si lugha ya ofisi, na kwamba barua ya taasisi inapaswa kuwa na uzito. Maneno “tulikukata zaidi” aliyapigia mstari mara mbili.

Je, ni kweli kwamba lugha nyepesi inaishusha taasisi hadhi? Na kama si kweli, ni mambo gani ambayo hata katika lugha nyepesi hayapaswi kuondolewa?

Wakili wa Kinondoni

Dada, hongera kwa kumsikiliza mzee huyo mpaka mwisho, kwa sababu maofisa wengi wangemjibu tu kwamba barua inajieleza.

Nikuanzie na upande wangu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale ambapo haki inakihitaji. Wengi tuliamini kwamba kuanzia hapo mwananchi angeyaelewa mambo yake mwenyewe mahakamani. Nilichojifunza tangu wakati huo ni kwamba kuibadili lugha ni kazi moja, na kuifanya ieleweke ni kazi nyingine. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza samaki katika soko la Feri, alishinda shauri la madai. Nilipomwambia kwamba hatua inayofuata ni maombi ya kukaza hukumu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hukumu yake imelegea. Nilikuwa nimelitamka neno hilo kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba mtu asiyekuwa mwanasheria angelisikia kwa namna hiyo, na lake ndilo lililokuwa Kiswahili cha kawaida.

Sikuliacha neno hilo, na hapa ndipo ninapotaka uwe makini. Kukaza hukumu ni istilahi, mahakama inaitumia, na mteja ataikuta katika kila karatasi atakayopewa. Nikimnyima nitakuwa nimemwacha gizani kwa njia nyingine. Ninachofanya sasa ni kuongeza sentensi moja palepale: “yaani tunaiomba mahakama imlazimishe aliyeshindwa akulipe.” Vivyo hivyo katika mikataba yenu ya mikopo, neno mdhamini libaki, lakini lifuatwe na maelezo kwamba mdhamini ndiye atakayelipa iwapo mkopaji atashindwa, kwa sababu nimeshawaona watu wengi wakitia saini mahali pa mdhamini wakiamini kwamba wanashuhudia tu. Ama maneno kama “tajwa”, “kabla au ifikapo” na “bila kuathiri ujumla wa yaliyotangulia”, mengi yao ni mazoea ya kunakili barua ya jana ili kuandika ya leo, na ukiyaondoa hakuna haki ya mtu inayopotea.

Mkuu wako akisema kwamba wepesi si jambo la taasisi zenye hadhi, mweleze habari za Afrika Kusini. Sheria yao ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, katika kifungu cha 22, inaagiza kwamba nyaraka anazopewa mlaji ziandikwe kwa lugha nyepesi, na inakitaja kipimo chake: mtu wa kawaida katika kundi linalolengwa, mwenye uwezo wa wastani wa kusoma na uzoefu mdogo wa bidhaa au huduma hiyo, aweze kuelewa bila kutaabika. Mzee wako wa Mbagala ndiye mtu ambaye kifungu hicho kinamzungumzia.

Kuhusu “tulikukata zaidi”, ninaielewa hofu ya mkuu wako, lakini sidhani kama ina msingi. Barua inayomwita mtu aje achukue fedha iliyokatwa kimakosa imeshakiri kosa hilo kwa mwili wake wote. Kulificha ndani ya “imebainika kuwepo kwa ziada” hakuilindi ofisi. Kunamficha mwanachama tu asijue nani alimkata.

Mfamasia wa Temeke

Ninashukuru kwa mada hii. Sisi wa dirisha la dawa tunaandika maneno machache kuliko ninyi nyote, na bado yanatushinda.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukiandika juu ya pakiti “1 x 3” na kumwambia mgonjwa “kutwa mara tatu”. Mimi mwenyewe nilidhani hakuna lugha nyepesi zaidi ya hiyo, mpaka siku mama mmoja aliporudi na mtoto ambaye homa yake ilikuwa haijaisha. Nilimwomba anieleze jinsi anavyompa dawa. Alimpa ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, ya pili adhuhuri, na ya tatu saa kumi na moja jioni kabla ya kwenda kwenye biashara yake ya chapati. Baada ya hapo zilipita saa 13 bila mtoto kupata kitu, na dawa yenyewe ilikuwa antibiotiki ya kutolewa kila baada ya saa 8. Mama huyo hakukosea hata kidogo. Kutwa ni mchana wote mpaka jua linapozama, ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha, na yeye alikuwa ametii neno lilivyo.

Nikabadilisha, nikaanza kuandika “kila baada ya saa 8”. Hilo nalo likanirudia: mgonjwa mwingine alielewa kwamba anywe dawa kila siku baada ya saa nane, yaani baada ya chakula cha mchana. Wasahihishaji wa Kiswahili sanifu wanatukataza kusema “masaa”, na ninawatii katika maandishi, lakini dirishani nimeona kwa nini watu wanalihitaji neno hilo.

Sasa ninaandika nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kisha ninamwomba mgonjwa anirudishie kwa maneno yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayokusihi uichukue, dada Karani. Usimuulize mtu “umeelewa?”, kwa maana kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie “nieleze utakachofanya”, na utajua mara moja kama maandishi yako yamefika.

Mzee wa Masijala

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Nilifanya kazi katika masijala za serikali tangu nikiwa kijana hadi nilipostaafu, na ninataka kumtetea kidogo huyo mkuu wa idara, kwa sababu naona mnamwendea kama mtu asiyejua kitu.

Barua ya ofisi ina maisha marefu kuliko yule anayeiandika. Miaka kumi baadaye mtu mwingine atalifungua jalada, na atahitaji kujua barua ilihusu nini, ilijibu barua ipi na nani aliiidhinisha. Ndiyo maana kuna kumbukumbu namba juu, kuna “Yah:” katikati, kuna cheo chini ya saini. Ukivitupa hivyo kwa jina la wepesi, utakuwa umeivunja kumbukumbu ya taasisi. Nimeshuhudia wastaafu wenzangu wakihangaika kutafuta ushahidi wa utumishi wao kwa sababu karani fulani aliandika barua ya mistari miwili isiyo na kumbukumbu namba.

Jambo la pili ni adabu. Kuna wepesi unaofika kwenye ukavu. “Leta namba ya akaunti” ni maneno mepesi, lakini mtu mzima hatumwi hivyo. Dada ameandika “tafadhali tuletee”, na hapo amefanya vyema. Wengine wataiga wepesi na kuisahau “tafadhali”.

La tatu, msiwadharau wasomaji. Mwaka 2018 neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, lilikuwa la wataalamu wa mifuko ya pensheni, na kabla mwaka haujaisha kila mstaafu alikuwa akilijadili barazani. Mwaka 2021 ikawa zamu ya tozo za miamala. Hata huo muamala wenyewe, nani aliujua kabla simu hazijaanza kutuma fedha? Leo mama wa genge anakuambia kwamba muamala haujakamilika. Watu hujifunza neno gumu pale linapogusa mfuko wao, na lugha yetu hukua kwa njia hiyo. Tukiandika siku zote kwa maneno elfu moja tu, tutawalea wasomaji wa maneno elfu moja.

Hata hivyo, katika ile barua ya kwanza simtetei mtu. Barua inayomwita mtu kwa tarehe ambayo haimo ndani yake ingerudishwa na masijala yangu kabla haijatiwa muhuri.

Mhariri wa Mwenge

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu kumbukumbu namba na adabu, na hoja yako ya muamala imenifanya nifikiri. Tofauti ninayoiona ni kwamba muamala ulifundishwa na ujumbe uleule uliofika mara mia katika simu, kila mara ukiwa na kiasi, jina la mpokeaji na salio pembeni yake. Barua ya dada Karani ilikuwa na nafasi moja tu. Neno jipya linaweza kubebwa na mazingira yake. Ndani ya ile aya hapakuwa na kiasi, hapakuwa na jina wala tarehe, hivyo neno lilibaki peke yake na msomaji akalijaza kwa maana aliyokuwa nayo.

Nije kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu kuna jambo ambalo linaniuma kila siku kazini. Ichukueni sentensi ya dada, “tutakurudishia”. Ni neno moja, na ndani yake yumo anayetenda, upo wakati, yumo anayetendewa, kipo kitendo, na hata ile -i- inayoonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili yake. Kisha itazameni “kuwezesha utekelezaji wa mchakato wa marejesho”. Ni maneno sita, na hakuna hata moja linalosema nani atamrudishia nani, wala lini. Kitenzi chetu ni chombo ambacho lugha nyingi zingekitamani, nasi tunakivunja vipande, tunavigeuza majina, kisha tunaviunganisha kwa “wa” na “la”. Watu hawahesabiwi tena, linafanyika zoezi la kuhesabu watu. Barabara haijengwi, unatekelezwa mradi wa ujenzi. Mengi ya haya yaliingia kwa kufasiri nyaraka za Kiingereza neno kwa neno, na sasa tunayaandika hata pale ambapo hakuna kinachofasiriwa, tukiamini kwamba ndicho Kiswahili cha kazi.

Ndiyo sababu nadhani mkuu wa idara aliyapigia mstari maneno yaleyale yaliyostahili sifa. Wepesi wa kweli unaanza pale mwandishi anapokubali kumtaja mtendaji. “Imebainika”, “inashauriwa”, “imeamuliwa”: ukiuliza nani, sentensi inanyamaza. Uzito ambao mkuu anautafuta mara nyingi ni huo ukimya.

Kuhusu hadhi, kuna utafiti unaofaa kumwonyesha. Mwaka 2006 Daniel Oppenheimer, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, alichapisha majaribio ambamo wasomaji walipewa maandishi yaleyale, moja kwa maneno mepesi na jingine likiwa limejazwa maneno makubwa yasiyohitajika. Waandishi wa maandishi magumu ndio waliohukumiwa kuwa na akili ndogo. Na huko Uingereza, mwaka 1979, mama mmoja aitwaye Chrissie Maher, ambaye alijifunza kusoma akiwa amekwisha kuwa kijana, alisimama katika uwanja ulio mbele ya Bunge jijini London na kuzikata vipandevipande fomu za serikali ambazo raia hawakuzielewa. Harakati alizozianzisha siku zile zinaendelea hadi leo. Juni 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango nalo lilitoa kiwango cha lugha nyepesi, ISO 24495-1, ambacho kiini chake ni kwamba msomaji apate anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe na aweze kukitumia. Mkipime kile kilichotokea Mbagala kwa mambo hayo manne.

Onyo moja tu. Wepesi usichanganywe na usanifu wa istilahi. Ukiandika “nywila” utakuwa umetumia neno halali, lakini wanachama wako wanasema “namba ya siri”, na hilo nalo ni Kiswahili safi. Pia angalia saa. Niliwahi kuhariri mwaliko wa mkutano ulioandikwa “saa 9:00” bila neno jingine. Waliozoea saa ya simu walifika saa tatu asubuhi, na waliosoma Kiswahili kama kilivyo walifika saa tisa alasiri. Neno “asubuhi” peke yake lingeokoa siku ya watu wale.

Mhasibu wa Gongo la Mboto

Nichangie kwa ufupi, kwa kuwa dada yupo katika mikopo. Maneno mepesi hayatoshi kama hesabu imeachwa kwa msomaji. Mkataba unaosema “riba ni asilimia 5 kwa mwezi” umeandikwa kwa maneno ambayo kila mtu anayajua, lakini una maana mbili. Mtu akikopa Sh 600,000 kwa miezi sita na riba ikahesabiwa juu ya mkopo wote, atalipa riba ya Sh 30,000 kila mwezi, jumla Sh 180,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, huku akipunguza Sh 100,000 kila mwezi, riba yake yote itakuwa Sh 105,000. Tofauti ni Sh 75,000, na kwa familia nyingi huku kwetu hiyo ni kodi ya nyumba. Andikeni: “Utapokea Sh 600,000 na utalipa Sh 780,000 kwa jumla, yaani Sh 130,000 kila mwezi kwa miezi sita.” Watu wengi walioingia katika mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, hawakudanganywa kwa neno gumu. Jumla tu ndiyo haikuandikwa popote.

Karani wa Ilala

Wapendwa, nimerudi kutoa mrejesho, na nawashukuru nyote. Shikamoo Mzee wa Masijala. Maneno yako ndiyo yaliyonifungulia mlango wa mkuu wangu, kwa maana nilipomwonyesha kwamba kumbukumbu namba, “Yah:” na cheo vimebaki mahali pake, alikubali kuisoma barua mpya kwa utulivu.

Kabla ya kumpelekea nilifuata ushauri wa Mfamasia. Nilimpa mlinzi wetu wa getini na mama anayetuletea chakula cha mchana, kila mmoja kwa wakati wake, nikawaomba wanieleze wangefanya nini kama barua ile ingekuwa yao. Mama alieleza sawasawa. Mlinzi alisema angeleta fedha Sh 84,000 pamoja na namba ya akaunti. Nilishtuka, tukaisoma pamoja, nikagundua kwamba kiasi na ombi nilikuwa nimeviweka karibu mno, na kwamba neno “tuletee” lilikuwa linaelekea upande mmoja na fedha upande mwingine. Nimeongeza sentensi fupi: “Hudaiwi chochote.” Nilipompa tena kesho yake, alisoma hapo, akatabasamu, akasema barua ingeanzia hapo basi. Sasa inaanzia hapo.

Mkuu alipoifikia “tulikukata zaidi” alikaa kimya muda mrefu. Nilimsomea hoja ya Wakili, kisha ya Mhariri kuhusu sentensi inayonyamaza ukiiuliza nani. Alichukua kalamu, akaandika “Ofisi ilikukata”, akaifuta, akairudisha “Tulikukata”, na pembeni akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: “kwa makosa yetu, na tunakuomba radhi.” Hilo sikuwa nimethubutu kuliandika mimi.

Barua 212 zinatoka Jumatatu, na tarehe ya mwisho imesogezwa hadi 31 Julai ili waliochelewa kwa sababu ya ile ya kwanza wasipoteze haki yao. Ya mzee wa Mbagala nimempigia simu kumsomea. Nilipofika kwenye “Hudaiwi chochote” aliniomba nirudie, kisha akamwita mkewe aje asikie.